Protini zinazoshika mafuta ya simsim
Dada, umeuliza protini zinazoshika mafuta ndani ya simsim ya kwenu Lira, Uganda, hutambuliwaje. Kuu ni oleosini: huvika kila kitone cha mafuta ili vitone visiungane mbegu ikikauka. Kaleosini na steroleosini zipo pia, ila chache.

Saga mbegu kwenye maji yenye sukari na chumvi, zungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi. Vitone vitaelea juu kama malai. Hapo usiharakishe! Vioshe tena na tena, hata kwa yurea, kemikali inayobandua protini zilizonata, maana protini za akiba ya mbegu hunata na kukupotosha. Ondoa mafuta, tenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli kwa nguvu ya umeme. Oleosini za simsim huonekana kama mistari karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 15 na 17. Mistari hiyo ndiyo ya kukata na kupimwa kwa spektrometa ya masi, mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake.