Ampea zimeshuka, na bili je?

Swali: Niko na kinu cha mahindi hapa Jinja, Uganda, mota kubwa ni ya kilowati 37 na kompresa moja ya hewa. Kuna kijana kaniletea kiboksi cha kupunguza umeme, akafunga, akashika waya na klampu mita nikaona mwenyewe ampea zinatoka 66 mpaka 57. Anataka milioni 4, anasema bili itashuka asilimia 30. Nimlipe?

Jibu: Mzee, usimlipe. Hiyo mchezo ya klampu nimeiona mpaka nimechoka, na kinachoniudhi ni kwamba ampea zinashuka kweli, ndiyo maana watu wanaamini.

Ndani ya kiboksi ni kapasita tu, kifaa kinachoweka umeme kidogo na kuurudisha. Mota inavuta mkondo wa kufanya kazi na mwingine wa kutengeneza sumaku, huu wa sumaku unaenda unarudi, sasa kapasita inaipa mota huo wa sumaku pale pale, kwa hiyo laini inapumua kidogo. Lakini mita inahesabu kilowati-saa, siyo ampea! Piga hesabu ya fezi tatu: ampea 66 mara volti 415 mara 1.73 mara pawafakta (sehemu ya mkondo inayofanya kazi kweli) 0.85, unapata kama kilowati 40. Ampea 57 kwa pawafakta 0.98? Kilowati 40 zile zile, na unga ni ule ule. Kilichopungua ni joto kidogo kwenye waya.

Kama bili yako ina mstari wa maksimamu dimandi kwa KVA, yaani unalipia kilele cha mzigo wako pamoja na ule mkondo wa sumaku, sawa, hapo kapasita inalipa, ila ipimwe na injinia aliyesoma bili zako, iwe na kontrola ya kuitoa mota ikizimwa. Ukifunga kubwa ovyo volti zinapanda, na penye draivu za kubadilisha spidi nimeshakuta kapasita zimevimba kama maandazi.

Nyinyi wenye viwanda mnapenda kitu cha kufunga ukutani, kuziba paipu za hewa zinazovuja hamtaki. Tundu la milimita 3 kwenye hewa ya presha ya bar 7 linakula kilowati 3 hivi au zaidi, muda wote kompresa inapowaka. Halafu kama unasaga jioni mpaka usiku, na uko kwenye tarifu ya muda, hayo ndiyo masaa ya bei ya juu kabisa, ya chini ni usiku wa manane mpaka alfajiri.

Jumapili kinu kikiwa kimelala, acha kompresa peke yake ikiwa imewashwa, funga hewa ya kila mashine, usikilize inajiwasha mara ngapi: kila ikijiwasha, ni hewa inayovuja.