Barua Zenu kwa Shangazi: "We Kwenu Haswa Ni Wapi?"

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni msichana wa miaka 23, Mhindi wa Kisumu, mama kazaliwa Kisumu, babu kazaliwa Kibos, na babake babu ndo alikuja kutoka Punjab kujenga reli. Kidholuo naongea vizuri tu. Juzi nimeenda intavyuu ya kazi, mmoja wa wale wanaohoji akaniuliza kama nina wak pamiti, kile kibali cha mgeni kufanya kazi, na kitambulisho changu kiko hapo mezani mbele yake na hata hajakiangalia! Nilipofika nyumbani nikiwa nimekasirika mama akaniambia ninyamaze, ati sisi hapa ni wageni na mgeni hapigi kelele. Shangazi, hilo la mama ndo limeniuma kuliko la yule mzee. Mi ni mgeni wa nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Yule mzee nimalizane naye haraka. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi wa rangi, wa kabila, wa asili ya mtu, na hakikubani serikali peke yake, kinabana na mtu binafsi. Kama kazi umenyimwa juu ya hilo, andika malalamiko kwa hiyo kampuni, wasipokujibu peleka kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Usiogope kuandika.

Sasa mama. Usimkasirikie kabla hujajua ameona nini, na kama amekuzidi miaka thelathini hivi basi ameona au amesimuliwa mengi. Tulipopata uhuru 1963, mtu aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja pia amezaliwa hapa alikuwa raia moja kwa moja, wengine wakapewa miaka miwili wajiandikishe, mpaka Desemba 1965. Wengi walisitasita, wakabaki na pasipoti za Uingereza wakingoja kuona mambo yataendaje. Halafu 1967 zikaja sheria za uhamiaji na leseni za biashara, asiye raia lazima awe na kibali, na maduka yakaanza kufungwa. Watu wakakimbilia London, na Uingereza nayo mwanzoni mwa Machi 1968 ikapitisha sheria ya kuwazuia watu wenye pasipoti yake yenyewe, ilichukua siku chache tu bungeni! Kuna familia ziligawanyika hapo na hazijawahi kuungana tena. Miaka minne baadaye, jirani hapo Uganda, Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke, na Kisumu si mbali na mpaka, hizo habari zilifika na watu wenyewe. Alafu 1 Agosti 1982, jaribio la mapinduzi Nairobi, maduka ya Wahindi yakavunjwa na kuporwa, na kuna waliofanyiwa mabaya kuliko kuporwa ambayo nyumba nyingi mpaka leo hayatajwi. Mtoto aliyelelewa kwenye hizo nyumba alifundishwa kunyamaza ndo aishi. Mamako anakulinda kwa njia aliyofundishwa.

Lakini njia hiyo mimi siikubali, na nakwambia kwa mapenzi. Hii nchi ina Wahindi ambao hawakunyamaza na tumewasahau, ndo maana yule mzee anakuona kama umeshuka ndege jana. Makhan Singh, kijana wa Kipunjabi mwenye kilemba, alianzisha chama cha wafanyakazi 1935 kilichochukua Waafrika na Wahindi pamoja, na Aprili 1950 pale Kaloleni Nairobi akasimama hadharani akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati wengi walikuwa wanaombaomba marekebisho tu. Wakoloni wakamfungia miaka kumi na moja. Pio Gama Pinto, Mgoa wa Nairobi (Wagoa ni watu wenye asili ya Goa, India), alikaa kizuizini miaka ya hamsini, na Februari 1965 akapigwa risasi kwa gari nje ya nyumba yake, akiwa mbunge wa Kenya huru. Mtu hatoi maisha namna hiyo kwa nchi ya wengine.

Na wale wa reli, wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kati ya 1896 na 1901, karibu 2,500 walikufa njiani. Wengi waliopona walirudi kwao. Babake babu yako alichagua kubaki.

Hapo kuna neno moja upande wenu pia, na nalisema kwa sababu nakuheshimu. Kuna maduka mfanyakazi amekaa miaka ishirini bado anaitwa boi, na kuna nyumba binti akileta mchumba Mluo panakuwa na matanga. Watu wanaona, na inawauma kama vile swali la yule mzee linavyokuuma. We ni kizazi kingine, hilo unaweza kulisema ndani kwenu bila kungoja ruhusa.

SWALI: Shangazi, babangu Mhindi, mamangu Mkamba. Shuleni nilikuwa naitwa pointi tano, yaani nusu-nusu. Fomu zikiuliza kabila, nikiandika Mkamba wananikodolea macho, nikiandika Mhindi naona kama namkana mama ambaye ndo alinilea. Niandike gani?

JIBU: Mwanangu, andika unavyojijua. Hata kwenye sensa ni wewe unayemtajia karani, yeye hana kazi ya kukupima uso. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais 1966, babake alikuwa Mgoa na mamake Mmaasai, akasomeshwa India miaka mingi, na aliporudi akashika jina la Murumbi la upande wa mama. Alimpenda sana Pinto, na alizikwa City Park Nairobi karibu na kaburi la rafikiye. Kuandika Mkamba hakumfuti babako, na mwaka ujao ukiandika vingine hujamdanganya mtu. Tena jua kwamba uraia sasa unapitia kwa mama sawa na kwa baba. Kabla ya 2010 mwanamke Mkenya akizaa nje ya nchi hakuweza kumpa mwanawe uraia, kina mama waliteseka sana na hilo.

SWALI: Kuna Mhindi anataka kununua shamba letu. Ni ukweli wameruhusiwa tangu wafanywe kabila la 44?

JIBU: Hapana. Hilo tangazo la serikali la Julai 2017 lilikuwa la kuwatambua kama jamii, na naelewa kwa nini wengi walifurahi, lakini halikumpa mtu uraia wala shamba. Kama ni raia alikuwa anaruhusiwa hata kabla. Kama si raia, Katiba kifungu cha 65 inampa kukodisha tu, isizidi miaka 99. Kwa hivyo angalia kitambulisho chake kama ungeangalia cha mnunuzi mwingine yeyote, na kama ni shamba la kilimo mwende wote land bodi mkapate kibali kabla pesa haijatoka mfukoni.