Maswali na majibu: Rhapta haitafutwi kwa GPS

SWALI: Dokta, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, upande wa kaskazini wa Wilaya ya Kilwa. Kuna mtu amekuja kijijini kwetu na simu yenye GPS na ramani anayoiita ya Ptolemy. Anasema Ptolemy, mwanajiografia wa kale, aliitaja Rhapta, mji wa bandari wa zama za Warumi, kuwa nyuzi 8 na dakika 25 kusini ya ikweta, na kwamba nukta hiyo inaangukia ufukweni kwetu. Wazee wanachangishwa hela za kukodi mashine ya kutambua vyuma ili uchimbaji uanze. Vigae vya zamani kweli tunaviokota. Je, maandishi ya kale yanamuunga mkono mtu huyu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hayamuungi mkono. Wazee warudishiwe hela zao, na jembe lisiguse ardhi hiyo.

Swali lako naletewa kila mara, linabadilika jina la kijiji tu. Leo Pangani, kesho Bagamoyo, keshokutwa Rufiji au Mafia. Kila linapokuja pana mgeni mwenye simu, pana namba mbili tatu, na pana wazee wanaoombwa mchango. Rhapta hata mimi naitafuta, na ikipatikana Kilwa nitafurahi kuliko mtu yeyote. Kinachonikera ni ile imani kwamba mtu wa miaka 1900 iliyopita alituachia anwani. Kwa hiyo nitakuonyesha namba hiyo ya 8 na 25 ilikotoka, maana ukishaijua, mgeni wenu atakosa la kusema.

Ptolemy aliandika kitabu chake cha jiografia mjini Alexandria, Misri, karibu mwaka 150 B.K. Pwani yetu hakuifika, na hakuna mtu aliyekwenda kumpimia jua au nyota huko Rhapta. Alichokuwa nacho mkononi ni kazi ya Marinus wa Tiro, mwanajiografia aliyemtangulia, na Marinus naye alitegemea masimulizi ya mabaharia. Mmoja aliitwa Diogenes. Alikuwa akirudi kutoka India, na alipokaribia Aromata, yaani Ras Asir ya leo kwenye pembe ya Somalia, kaskazi ikamshika ikamsukuma kusini siku 25 hadi karibu na rasi ya Rhapta. Mwingine, Theophilus, alitweka kutoka Rhapta kwa kusi, akaingia Aromata siku ya 20. Basi. Huo ndio ushahidi wote wa umbali: pepo mbili na idadi ya siku.

Nahodha yeyote wa jahazi atakwambia siku 20 za kusi haziwezi kugeuzwa kilomita bila kujua kusi yenyewe ilikuwa ya mwezi gani, ilitulia siku ngapi, na chombo kilitia nanga usiku au la. Ptolemy mwenyewe alilijua hilo. Katika sehemu ya kwanza ya kitabu chake analalamika kwamba mabaharia hao walitaja siku walizotumia tu, hawakueleza nguvu na mabadiliko ya upepo kwa muda wote huo. Mwandishi anayeombwa leo atoe nukta ya GPS ndiye aliyeandika kwamba taarifa zake hazitoshi!

Sasa namba yenyewe. Ptolemy aliigawa dunia kwa mistari inayofuata urefu wa mchana. Kwenye ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, na kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo mchana mrefu kuliko yote katika mwaka unavyozidi kurefuka. Ukikokotoa ni wapi mchana huo unafikia saa 12 na nusu kamili, jibu ni nyuzi 8 na dakika 25. Juu ya mstari huo wa kusini ndipo alipoipachika rasi ya Rhapta, na mstari huohuo akaupitisha Cattigara, bandari ya mbali kabisa mashariki ya Asia. Kwa hiyo dakika 25 zinazowasisimua watu kijijini kwenu zimetoka kwenye jedwali la hesabu. Alikuwa na rasi isiyojulikana iko wapi hasa, akaiweka kwenye mstari uliokuwa tayari.

Na mgeni wenu hata ukurasa wenyewe hakuusoma vizuri. Ile ni namba ya rasi. Mji wa Rhapta, ambao Ptolemy anauita mji mkuu wa nchi ya Barbaria, ameuweka nyuzi 7 kusini, ndani kidogo kutoka baharini, kwenye mto wenye jina hilohilo. Mkizifuata namba zake kama zilivyo, mji uko kusini kidogo ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwenu. Halafu nyuzi zake za mashariki anazihesabu kuanzia visiwa vya magharibi kabisa alivyovijua, huko kwenye Visiwa vya Kanari. Ukiziingiza kwenye simu kama zilivyo, utazama katikati ya bahari.

Kama bado kuna anayebisha, kuna jaribio jepesi. Chukua mahali ambapo hapana ubishi, hiyo Ras Asir. Iko karibu nyuzi 12 kaskazini ya ikweta. Kwenye orodha ya Ptolemy haivuki nyuzi 6. Amekosea kwa zaidi ya kilomita 600 kwenye rasi ambayo kila chombo kilichotoka Bahari ya Shamu kuja kwetu kiliizunguka. Atapataje kwa usahihi wa dakika mto uliokuwa mwisho wa safari?

Ramani iliyoko kwenye simu nayo usiibabaikie. Hatuna ramani hata moja iliyochorwa kwa mkono wa Ptolemy. Nakala kongwe za kitabu chake zilizobaki ni za mwisho wa karne ya 13, na zile ramani za rangi zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ni za karne ya 15, kama zile zilizochapwa Ulm, Ujerumani, mwaka 1482.

Chanzo cha pili, na kwangu mimi ndicho kizuri zaidi, ni Periplus ya Bahari ya Erithraea, jina la kale la Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Ni mwongozo wa safari na biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina. Aliyeuandika anazungumza kama mtu wa bandarini: wapi pana maji, nani anatoza ushuru, bidhaa gani inauzika. Anasema Rhapta ni soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, na jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa hilo, kwani mitepe iliyoshonwa kwa kamba za makumbi ilikuwapo huko hadi mwanzoni mwa karne iliyopita. Anasema nchi hiyo ilikuwa chini ya mtawala wa Mapharitis, upande wa Yemen, na kwamba watu wa Muza, bandari ya hukohuko Yemen, walipeleka huko manahodha na mawakala Waarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoana nao na kuijua lugha yao. Warumi hawakutawala Rhapta. Kwa hiyo anayeahidi "mji wa Kirumi" amekosea kabla hajashika sururu.

Lakini Periplus nayo haitoi anwani. Inasema kutoka kisiwa cha Menouthias ni mwendo wa siku mbili hadi Rhapta, na kwamba kisiwa hicho kiko stadia 300 hivi (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki) kutoka nchi kavu. Ni kisiwa cha chini chenye miti, na watu wake wanavua kasa na kutega samaki kwa vikapu, kama madema yetu. Stadia 300 ni kilomita 50 au 55, kutegemea umetumia stadia ya urefu gani. Pemba inakubaliana na umbali huo kuliko Unguja, na Mafia iko karibu mno na bara. Lakini wanaoiweka Rhapta kwenye delta ya Rufiji wana sababu zao za kutoichagua Pemba. Na zaidi ya hapo, Periplus tunayo kwa njia ya nakala moja tu, iliyonakiliwa karne ya 10 na kuhifadhiwa Heidelberg. Nakala ya pili iliyoko London imetokana na hiyohiyo. Pale hasa kisiwa kinapotajwa, mnakili ameandika mfululizo wa herufi usiotoa maana, na kila mhariri ameukata kwa namna yake. Ukiisoma sentensi hiyo imenyooka kwenye tafsiri, ujue kuna mhariri aliyeinyoosha.

Hivi ndivyo vyanzo vyetu: viwili. Waliokuja baadaye wakaitaja Rhapta walitegemea zaidi kazi ya Ptolemy. Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha historia ya masultani wa Kilwa, haiijui, na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 hakuisikia. Anayekwambia ana "maandishi kumi ya kale" mwombe ayataje moja moja.

Nije kwenye mashine ya vyuma, maana hapa ndipo hela za wazee zinapoliwa. Periplus imeorodhesha mali ya Rhapta. Zilizoingia ni mikuki iliyotengenezwa Muza, mashoka, visu, maharazi na vitu vya kioo. Mahali pengine mvinyo na ngano, kwa ajili ya kupata urafiki wa wenyeji. Zilizotoka ni pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba. Isome tena orodha hiyo. Hamna dhahabu. Chuma kimeliwa na kutu kwa miaka 1900 katika udongo wa chumvi, na pembe na magamba huoza. Kitakachobaki ni vigae na shanga za kioo, na mashine ya vyuma haioni kigae wala shanga.

Kuta pia wasizitafute. Hakuna chanzo kati ya hivyo viwili kinachotaja ngome au nyumba za mawe. Majengo ya matumbawe mnayoyaona Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni ya karne nyingi baadaye. Ndiyo maana mwaka 2016, habari zilipoenea kwamba magofu yameonekana chini ya maji karibu na Mafia na kwamba ndiyo Rhapta, nilishindwa kushangilia. Ukuta ulio chini ya maji, hata ukithibitika kuwa ukuta, bado unahitaji umri, na umri hautolewi na picha.

Kilichotusogeza mbele ni kazi ya polepole. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 taarifa ya shanga za zama za Warumi kutoka Mkukutu, Rufiji. Uzito wa shanga hizo ni kwamba zilikutwa katika uchimbaji wa kitaalamu, pamoja na vigae vya zama za mwanzo za chuma. Zingefukuliwa na kijana wa kukodi zikaletwa kwenye kifuko cha plastiki, zisingethibitisha chochote, kwa sababu shanga hupotea, hurithiwa na huuzwa. Ushahidi ni shanga ikiwa bado kwenye tabaka lake. Tabaka likishapinduliwa halirudi, hata aje profesa wa wapi. Nimesimama kwenye mashimo ya watafuta hazina huku pwani, vigae vya karne tofauti vimemwagwa pamoja pembeni, na hapakuwa na la kufanya.

Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba kutafuta malikale bila leseni. Mgeni akiondoka, watakaoulizwa ni wenye kijiji.

Vigae mnavyoviokota ndivyo vinavyonivutia katika barua yako. Viacheni vilipo, msivioshe, msiviunganishe. Andika mahali kila fungu lilipo, kisha mpelekee afisa utamaduni wa halmashauri barua ya kufikishwa Idara ya Mambo ya Kale, nakala uniletee. Vinaweza kuwa vya karne ya 14, vinaweza kuwa vya zamani zaidi. Kitakachosema ni umbo la mdomo wa chungu na nakshi zilizo chini yake, na hizo zinaonekana hata kwenye picha ya simu, ikipigwa karibu, mchana, rula ikiwa pembeni.