Kwa anayeanza ufundi redio: sikiliza osileta kabla hujashika bisibisi

Wadogo zangu mnaokuja kujifunza ufundi hapa Mwanza, redio ikiletwa kutoka Ukerewe haishiki stesheni, msikimbilie kuzungusha vile vikopo vya koili (waya mwembamba uliozungushwa mizunguko mingi). Cha njano, cheupe na cheusi vimepangwa kiwandani kwenye kilohezi 455 na ni nadra kuhama vyenyewe. Ukivivuruga, umeongeza ugonjwa wa pili.

Fahamuni kwanza kinachofanyika ndani. Stesheni ya MW (masafa ya kati) ya kilohezi 1000 haikuzwi jinsi ilivyoingia. Osileta ya redio inatoa mawimbi yake ya 1455, mikisa inayachanganya na ya stesheni, na tofauti inayotoka ni 455. Ukihamia 600, osileta inakwenda 1055. Tofauti ni ileile. Hivyo hatua zote zinazofuata hukuza masafa mamoja tu, kwa usafi mkubwa. Mmarekani Edwin Armstrong alibuni njia hii mwaka 1918, na mimi bado naiona ni kazi ya akili ya ajabu.

Sasa, redio inayovuma bila stesheni hata moja, mshukieni osileta. Kumpima hakuhitaji mashine. Wekeni redio nzima ubavuni mwa ile mbovu. Nzima iwe kwenye stesheni iliyo karibu na 1055, hata kama ni dhaifu, kisha zungusheni polepole kitafutio cha mbovu kwenye eneo la 600. Mluzi ukisikika kwenye ile nzima, osileta ya mbovu iko hai, maana mawimbi yake yamegongana na ya stesheni. Kimya? Kagueni koili nyekundu, ambayo ndiyo ya osileta, transista ya kwanza na kapasita zinazoizunguka. Kwa redio zilizokaa kambi za wavuvi, mimi huanza na miguu ya koili: unyevu huleta kutu ya kijani, na ule waya mwembamba hukatika hapohapo. Kwenye FM tofauti ni megahezi 10.7 kwa redio nyingi, hivyo mbovu ikiwa 90, sikilizeni 100.7.

Stesheni ya 1510 ikisikika pale 600, osileta haina kosa, kwa sababu 1510 ukitoa 1055 ni 455 pia. Hapo angalieni koili ya antena, ndiyo iliyopaswa kuizuia hiyo 1510 mlangoni.

Mkilazimika kupanga osileta, tumieni bisibisi ya plastiki, maana chuma huhamisha masafa. Upande wa 600 rekebisheni koili nyekundu, upande wa 1400 trima (kapasita ndogo ya kuzungushwa), mkirudiarudia mpaka pande zote mbili zikae.