Debe la kununulia, sado ya kuuzia

Bwana asifiwe, wapendwa. Juzi dada mmoja mwenye genge la nafaka ameniandikia: "Dada, unatuhimiza haki, lakini sokoni kila mtu kabonyeza kopo lake. Nikipima sawasawa watoto wangu watakula nini?" Nimekaa na ujumbe huo siku mbili bila kujibu, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa mwanakwaya na mhazini wa akina mama kanisani.

Biashara ya mchele nilifundishwa na shangazi yangu, Mbeya mjini. Wakati wa mavuno tulikwenda Mbarali kununua mpunga kwa wakulima, tukakoboa, tukauza kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Debe la kununulia lilikuwa limegongwa nyundo kwa ndani mpaka mbavu zimetoka nje. Ukilijaza na kulitikisa, lilimeza kama kilo moja na nusu ya ziada. Sado ya kuuzia nayo kitako chake kilibonyezwa kikaingia ndani. Shangazi hakuuita wizi. Alisema, "Mwanangu, bei hupangwa na soko, faida tunapanga wenyewe." Nikashika somo hilo miaka sita, na zaka nikatoa humo humo.

Jioni moja tulikuwa na ibada ya nyumbani kwangu, tunasoma Kumbukumbu la Torati 25. Mstari wa 14 unakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Niliusoma vizuri tu, bila kushtuka. Binti yangu wa miaka tisa, aliyekuwa ananisaidia dukani, akasema mbele ya wageni, "Kama debe letu la Mbarali." Watu wakacheka, wakidhani ni utoto. Usiku ule sikulala.

Nikafungua Amosi 8. Kuna wafanyabiashara wanaoingoja sabato ipite wakauze nafaka, efa, kipimo chao cha nafaka, wameipunguza, na shekeli, uzito wa kupimia fedha ya mnunuzi, wameiongeza. Efa hukadiriwa kuwa lita 22 hivi, na debe letu ni lita 20. Nabii alikuwa anasema juu ya chombo kama kile kilichokuwa stoo kwangu. Nilikuwa nimezoea kudhani manabii wanawakemea wafalme.

Kilichonisumbua zaidi ni Hesabu 5:7. Hapo mkosaji anaungama, anarudisha alichochukua kamili, kisha anaongeza sehemu ya tano. Kuacha nilikuwa tayari. Kurudisha sikutaka. Nilijiambia Zakayo, yule mtoza ushuru aliyemwahidi Yesu kurudisha mara nne, alikuwa tajiri, yeye angeimudu. Lakini mwisho nikachukua daftari la manunuzi, nikaandika majina ya wakulima niliowakumbuka, nikapiga hesabu ya kila debe, nikaongeza ile sehemu ya tano. Ilinichukua misimu miwili kulipa.

Miezi ya kwanza dukani siielezi, ilikuwa mikavu. Ila kilichoniuma si njaa. Mwenzangu wa kwaya, tuliyekula naye sahani moja, alitangaza sokoni kwamba najifanya mtakatifu ili niwaharibie wenzangu biashara. Mpaka leo hajaniomba radhi. Nimemsamehe, lakini nikipita mbele ya meza yake bado moyo unagonga. Na leo mama lishe wa mtaa wetu na wapishi wa sherehe wanaliruka soko zima kuja kwangu. Wanajua kilo yangu ni kilo. Hilo nalisema kwa kifua, kwa sababu nimelilipia.

Kwa hiyo dada yangu, nunua mizani, ipeleke Wakala wa Vipimo wakaihakiki na kuigonga muhuri, uirudishe tena kila mwaka. Pima mteja akiangalia. Kopo lililobonyezwa livunje leo, usimpe mwenzako alitumie. Watoto watakula. Watakula kidogo kwa muda, kisha watakula. Sisi tuliookoka tunaomba milango ya baraka ifunguke huku stoo tumeficha vyombo viwili. Tunafunga siku tatu kuomba wateja ambao tumewafukuza wenyewe kwa kitako cha sado. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana," ndivyo Mithali 11:1 inavyosema, na neno ni chukizo. Halikuandikwa kosa dogo. Acheni, wapendwa. Acheni kabla mtoto wako hajakusemea mbele ya watu.

Usitegemee kushangiliwa. Mzee mmoja wa Mbarali nilimkuta shambani, nikamweleza yote nimepiga goti. Alizihesabu zile fedha mara mbili, akazitia mfukoni, akaniuliza, "Na miaka mingine je?" Nikamwambia hiyo ndiyo miaka yote niliyonunua kwake. Akaendelea kupalilia. Msimu uliofuata mpunga wake alimuuzia mtu mwingine.

Wawili bado sijawapata. Fedha zao ziko kwenye bahasha ndani ya Biblia yangu, na mwezi wa sita, mavuno yakianza, nitakwenda tena kuwauliza.