Amekuambia amebakwa: maswali yenu na majibu

Rafiki yangu aliniambia alibakwa, nami nikabaki kimya kwa kukosa la kusema. Nimemharibia?

Hapana. Rudi kwake, hata leo. Mwambie: "Nakuamini. Si kosa lako." Kisha msikilize. Usimuulize alivaa nini wala kwa nini alikwenda kule. "Kwa nini," hata ikitamkwa kwa upole, humfikia kama lawama, na lawama anazo tele tayari, za kujipa mwenyewe.

Mdogo wangu wa kiume anasema hakupigana wala kupiga kelele. Mwanamume mzima! Nashindwa kuelewa.

Swali hili huniuma, maana najua wengi wamenyamaza miaka kwa kuogopa kuulizwa hivyo. Mtu akizidiwa na hofu, mwili unaweza kuganda: viungo havisogei, sauti haitoki. Si yeye aliyeamua, na kuganda si kukubali. Wanaume hugandishwa na hofu kama wanawake. Usishangae pia akikumbuka harufu ya chumba lakini asijue kipi kilitangulia kipi. Kumbukumbu ya kitisho mara nyingi huja vipandevipande, usidhani anadanganya.

Ilitokea jana usiku. Tuanzie wapi?

Hospitali, sasa hivi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU (PEP) zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kusaidia hadi siku 5, navyo pia ni vya kuwahi. Kama huenda akataka kushtaki, ni vyema asioge kwanza, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi. Ameshaoga? Aende vivyo hivyo, atatibiwa. Msindikize, na umuulize kama anataka uingie naye kwa daktari au umsubiri nje.

Hataki kwenda polisi. Niende mimi?

Akiwa mtu mzima, usiende bila ridhaa yake. Aliyembaka alimpora hiari. Nawe usimpore tena, hata kwa mapenzi. Mweleze njia zilizopo, umwachie achague. Akiwa mtoto, mambo ni mengine kabisa: usimwahidi siri, tafuta msaada siku hiyohiyo ili asirudi mikononi mwa aliyemdhuru.

Tangu aniambie, mimi mwenyewe silali.

Mzigo huo ni mzito kweli. Mtafute mshauri nasaha, umweleze yanayokusumbua bila kutaja jina la mwenzako.