Lenzi ya mandhari kwa mtu wa Pemba: anza na ndefu

Salaam kwenu. Ndugu yetu wa Wete kauliza: ana kamera ya Canon ya sensa ndogo (sensa ni kile kibapa ndani kinachopokea picha) na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, kajikusanyia pesa za lenzi moja tu, na anachotaka ni kupiga mandhari. Achukue 10-18 au 55-250? (Namba hizo ni milimita za lenzi: ndogo inaona eneo pana, ndiyo pembe pana; kubwa inavuta vya mbali, ndiyo lenzi ndefu.) Wengi mmemwambia 10-18, eti mandhari ni pembe pana. Mie namwambia achukue 55-250, na nitaeleza kwa nini.

Pembe pana hukuza kilicho karibu na kudogosha kilicho mbali. Simama ufukweni Vumawimbi maji yametoka, piga kwa milimita 10: nusu mbingu, nusu mchanga, na ile ngalawa iliyokusimamisha imekuwa kama sisimizi. Lenzi hiyo inataka kitu cha kuweka mbele, hatua moja au mbili kutoka kwenye kioo: nanga, mizizi ya mkoko, jiwe la matumbawe lililoliwa na maji. Ukikipata, hakuna lenzi ya kuishinda. Usipokipata, unarudi nyumbani na mchanga.

Halafu Pemba yenyewe si tambarare kama pwani ya Paje. Pita ile barabara ya zamani ya Wete kwenda Chake asubuhi, ukungu bado umelala mabondeni juu ya mpunga, utaona mikarafuu kilima nyuma ya kilima. Kati ya milimita 150 na 250 vilima vile vinasogeleana, kimoja kinakaa mgongoni mwa chengine, na kila kimoja na rangi yake kwa sababu ya ukungu. Pembe pana inavilaza vyote vikawa mstari mmoja wa kijani.

Na jua je? Watu wanalalamika jua likizama Kendwa linatoka dogo mno pichani. Chukua milimita za lenzi, gawanya kwa 110 hivi. Hicho ndicho kipenyo cha jua juu ya sensa. Kwa 18 hupati hata robo ya milimita. Kwa 250 unapata zaidi ya milimita mbili, kwenye sensa yenye urefu wa milimita 15 tu kutoka juu hadi chini. Mwezi mpevu ukichomoza upande wa mashariki, hesabu ni ile ile. Ila jua likiwa bado kali, usilichungulie kwenye kitundu cha kamera kwa lenzi ndefu, macho hayana spea.

Kubwa zaidi ni hili: upana unaweza kuutengeneza, umbali huwezi. Igeuze kamera isimame wima, weka 18, funga mwanga na fokasi visibadilike, piga picha tano au sita kuelekea upande mmoja, kila moja ikilalia iliyopita kwa thuluthi, kisha ziunge kwenye programu. Mawimbi yaliyo karibu yanasumbua kwenye maungio, lakini vilima na paa za mji zinakubali vizuri. Ukikata picha ya 55 ili ufike kwenye 250, unabaki na kipande kidogo kisichofaa kuchapishwa.

Msitu wa Ngezi nautoa kwenye hesabu hii. Njia ni nyembamba, mivule mirefu, huna pa kurudi nyuma. Huko 10-18 ndiyo mahali pake, na kama maisha yako yote ni Ngezi, basi nipuuze.

Kuhusu polaraiza, filta ya kuvalisha mbele ya lenzi: siku za bamvua kwetu maji yanakauka mnamo saa nne, saa tano asubuhi, jua limeshapanda. Ndio wakati kina mama wako kwenye mwani na mwanga ni mkali. Filta hiyo inaondoa mng'aro juu ya maji, unaona chini mpaka vigingi na kamba. Kwenye pembe pana sana inakuachia doa la buluu nzito katikati ya mbingu, kwa kuwa nguvu yake haiwi sawa kila upande. Faida ya mfukoni: 55-250 STM (STM ni aina ya mota ya fokasi) inatumia filta ya upana wa milimita 58, na 18-55 nyingi za Canon pia ni 58 (soma namba mbele ya lenzi yako), basi filta moja inavaa zote mbili. Ile 10-18 STM inataka 67.

Lakini jamani, lenzi ndefu isikufundishe kupiga watu kwa kuwavizia. Nenda, salimu, omba, ndipo urudi kwenye umbali wako.

Kusi likivuma, shikilia kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde au zaidi, hata lenzi ikiwa na kituliza mtikisiko. Tundu la kupitisha mwanga la f/8 linatosha (namba ikikua, tundu linakuwa dogo); zaidi ya f/16 picha inaanza kulegea. Mchana wa jua kali usihangaike na vitu vya mbali baharini, hewa inachemka na hakuna lenzi itakayoinyoosha.

Ukinunua ya mtumba, mulika tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Nyuzinyuzi mfano wa utando wa buibui ni kuvu, iache hata ikipunguzwa bei. Yako iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi kabatini, unyevu wa kwetu mnaujua. Ukipata ya mtu Chake, nenda mchana, uijaribu nnje kwenye milimita zote mbili, 55 na 250, kabla pesa hazijatoka mkononi.